Dodoso, mahojiano au rejesta za zahanati: njia ipi inafaa fildi yako ya afya ya jamii?

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akishapitishiwa mada ya utafiti wa afya ya jamii, mara nyingi anakwama kwenye njia ya kukusanya data. Wengine hukimbilia dodoso kwa sababu waliowatangulia walifanya hivyo. Wengine huchagua mahojiano wakiamini kwamba watu wakiwa wachache kazi nayo itakuwa ndogo. Na wapo wanaokwenda kwenye rejesta za zahanati ili wasihangaike kuzunguka majumbani. Njia zote tatu zinatoa kazi nzuri zikitumika mahali pake, na zote zinaweza kumwacha mtu na data isiyojibu swali lake huku tarehe ya kukabidhi ripoti ikikaribia.

Ulinganisho huu ni wa mwanafunzi anayefanya kazi peke yake au na msaidizi mmoja, mwenye wiki 8 hadi 10 za fildi, na fedha zake ni bumu (mkopo wa chuo) na mchango wa nyumbani. Ili njia zote zipimwe kwa haki tumetumia mada moja: wajawazito kuchelewa kuanza kliniki. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito akutane na mtoa huduma angalau mara 8, mara ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo. Wengi huanza baada ya hapo. Mada hii inaweza kufanyiwa kazi kwa njia yoyote kati ya hizi tatu, kwa hiyo tofauti zao zinaonekana vizuri.

## Vigezo vya kupimia

Swali. "Wangapi wanachelewa, na ni akina nani?" ni swali la idadi. "Inakuwaje mtu anachelewa?" ni swali la namna mambo yanavyotokea. "Hali inabadilika vipi mwezi hadi mwezi?" ni swali la mwenendo. Andika swali lako kwa sentensi moja kabla ya kuchagua njia. Ukishindwa kuliandika kwa sentensi moja, huenda umebeba tafiti mbili.

Nani hayumo. Kila njia ina watu isiowaona. Ni lazima uwajue mapema, maana mtahini atauliza.

Saa za kazi. Hesabu pia saa za baada ya kutoka kijijini. Ndizo zinazosahaulika.

Mzigo kwa wananchi. Mama anayekupa nusu saa anaitoa kwenye shamba lake, genge lake au jiko lake. Ukichukua nusu saa za watu mia moja na zaidi, jibu lako lazima liwe na thamani ya muda huo.

Uchambuzi unaoumudu. Usikusanye data ambayo hutajua la kuifanyia, ukitegemea kwamba rafiki ataichambua.

## Vibali: njia zote zinapita hapa

Mnyororo wa vibali haubadiliki sana kwa njia moja au nyingine. Tanzania Bara unaanza na kibali cha maadili kutoka kamati ya chuo, au NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) pale inapohitajika, kisha barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, halafu kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na Mganga Mkuu wa Halmashauri. Kutoka hapo unashuka kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji au mtaa, na mwenyekiti wa kitongoji. Zanzibar maombi ya maadili yanapitia taasisi yake ya utafiti wa afya, ZAHRI, na huku chini mlango ni sheha. Kenya unahitaji idhini ya kamati ya maadili iliyosajiliwa, leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), kisha ofisi ya afya ya kaunti. Mwanafunzi kutoka nje anayefanyia utafiti Tanzania anahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Uliza tarehe za vikao vya kamati kabla ya kuandika chochote. Ukikosa kikao kimoja, fomu inakaa mezani hadi kingine. Tenga wiki 4 hadi 8 kwa mnyororo mzima, na beba nakala kumi za kila barua kwa sababu karibu kila ofisi itabaki na moja. Taarifa za afya zinalindwa kisheria: Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kwa hiyo andiko lako la utafiti lieleze data itatunzwa wapi, nani ataiona, na itafutwa lini.

Jambo moja la kuamua mapema kwa mada hii: utafanya nini ukikutana na mjamzito wa chini ya miaka 18? Ama kamati ikupe utaratibu wa ridhaa yake na ya mzazi au mlezi, ama umweke nje ya utafiti na ukiri kwenye ripoti kwamba kundi hilo halimo. Usiamue mlangoni kwake.

## Njia ya kwanza: dodoso la kaya

Swali inalojibu. Idadi na uhusiano: asilimia ngapi walianza kliniki kabla ya wiki 12, na je, wanaoishi mbali na zahanati wanachelewa zaidi ya walio karibu?

Sampuli. Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo twende taratibu. Fomula ya kawaida ni z² × p × (1 − p) ÷ e², ambapo p ni sehemu ya watu unaotarajia wawe na jambo unalolipima, na e ni kiasi cha kukosea unachokikubali. Kwa uhakika wa asilimia 95, z ni 1.96. Usipojua p, weka 0.5. Ukitaka kukosea kusizidi asilimia 5 juu au chini, unapata watu 385. Mtu mmoja na msaidizi hawawezi kuwafikia hao kwa muda uliopo bila kuharibu ubora. Ukikubali asilimia 7 unapata 196, na ukikubali asilimia 8 unapata 151. Kwa kazi ya shahada ya kwanza, 151 iliyokusanywa vizuri inatetewa mbele ya mtahini kuliko 385 iliyolazimishwa. Gawanya kwa 0.9 kufidia watakaokataa au kukosekana: 168.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba umechagua watu moja moja kutoka eneo zima. Ukichagua vijiji kwanza kisha watu ndani ya vijiji, majirani hufanana, na sampuli inabidi ikue. Ukizidisha kwa 1.5 unarudi kwenye 227 kabla ya kufidia wanaokosekana. Ndiyo sababu mwanafunzi anayefanya kazi peke yake anafanya busara kubaki kwenye kata moja au kijiji kimoja kikubwa na kuchagua kutoka orodha yote.

Sasa suala la orodha. Unawatafuta wanawake waliojifungua ndani ya miezi 12 iliyopita, na kaya nyingi hazina mtu huyo. Tuseme yupo kwenye kaya moja kati ya saba: kuwapata 168 utabisha hodi kwenye milango 1,176. Njia nafuu ni kuanza na orodha ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, lakini orodha hiyo huwakosa wapangaji, waliohamia karibuni na wasiopenda kuandikwa. Yaani hasa wale wanaochelewa kliniki. Fanya hivi: chukua orodha yake, kisha pita na mwenyekiti kitongoji kwa kitongoji siku mbili au tatu ukiuliza "nyumba hii kuna mtoto chini ya mwaka?", ongeza waliokosekana, ndipo uchague. Orodha ikiwa na majina 340 na unahitaji 168, chukua kila jina la pili ukianzia 1 au 2 kwa kura. Usitumie mtindo wa kusimama katikati ya kijiji, kuzungusha kalamu na kufuata inakoelekeza. Nyumba za katikati zina nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa, na mara nyingi ndizo zilizo karibu na barabara na zahanati. Utapata picha nzuri kuliko hali halisi.

Muda na gharama. Dodoso la dakika 25, pamoja na kutembea, kusubiri na kusalimiana kama inavyostahili, linampa mdadisi mmoja kaya 8 kwa siku. Watu wawili ni 16, kwa hiyo 168 ni siku 11, na ongeza 3 za kurudia waliokosekana. Rudi mara mbili kwa saa tofauti kabla ya kuandika "hakuwepo". Gharama kubwa ni posho ya msaidizi, ya mwenyekiti anayekutembeza, na bodaboda. Fomu za karatasi za kurasa 6 zitakuwa zaidi ya kurasa elfu moja za fotokopi; programu za kukusanya data kama KoboToolbox au ODK kwenye simu ni bure, hufanya kazi bila mtandao, na hutuma data jioni ukipata bando.

Kinachoharibika. Maswali yanayojijibu ni tatizo la kwanza. Ukimuuliza mama "Je, uliwahi kliniki?" atasema ndiyo, kama ambavyo kila mtu hunawa mikono kwa sabuni ukimuuliza. Muulize "Ulianza kliniki mimba ikiwa na umri gani?", kisha omba kadi yake ya kliniki na uandike tarehe iliyomo. Kwenye fomu weka sehemu inayosema jibu limetoka kwenye kadi au kwenye kumbukumbu, ili uyachambue kwa kutenganisha. Kwenye simu, zuia umri wa mimba usiowezekana: chini ya wiki 4 au zaidi ya 42 fomu ikatae.

La pili ni msaidizi anayejaza fomu chini ya mwembe. Kila jioni angalia muda wa kuanza na kumaliza; dodoso la dakika 25 lililoisha kwa dakika 6 linahitaji maelezo. Rudia maswali matatu kwa kaya moja kati ya kila kumi alizofanya yeye. Mweleze utaratibu huu tangu siku ya mafunzo, ili usionekane umemtilia shaka yeye binafsi.

La tatu ni majira. Wakati wa palizi au mavuno, saa nne asubuhi kijijini hubaki wazee na watoto. Siku ya gulio usiende kabisa, labda gulioni kununua nyanya. Na jaribu dodoso kwa watu 10 hadi 15 kwenye kijiji jirani ambacho hakimo kwenye sampuli, kisha rekebisha. Jaribio hilo ndilo litakuonyesha swali la tisa halieleweki, na ni afadhali ulijue wakati huo kuliko baada ya kaya sabini.

Uchambuzi. Programu za takwimu kama jamovi na R ni bure. Ukitaka kupima sababu kadhaa kwa pamoja kwa modeli ya logistiki (ya matokeo ya aina mbili, kama kuwahi au kuchelewa), kanuni inayotumika sana ni watu 10 wa kundi lililo dogo kati ya hayo mawili kwa kila kigezo. Kama kati ya 151 waliowahi ni 45, usiweke vigezo zaidi ya vinne. Wanaoweka kumi na mbili hupata majibu yasiyosimama.

Inamfaa mwenye msaidizi wa kuaminika, anayetaka kutoa asilimia ambayo halmashauri inaweza kuitumia, na ambaye takwimu hazimtishi.

## Njia ya pili: mahojiano ya kina na majadiliano ya vikundi

Swali inalojibu. Inakuwaje mtu anachelewa. Nani anaamua, nani anaambiwa kwanza, nini kinaogopwa, zahanati yenyewe inamfukuza vipi mtu bila kukusudia. Rejesta haitakuambia kwamba mama alificha mimba ya miezi mitatu kwa kuogopa kijicho. Haitakuambia pia kwamba aliogopa kwenda kwa sababu muuguzi huanza na swali la "mwenza yuko wapi?" na yeye hana wa kumleta.

Sampuli. Hapa unachagua kwa makusudi, na lazima useme makusudi hayo ni yapi. Mpango wa kutosha kwa mtu mmoja: mahojiano 14, yaani akina mama 10 (watano waliowahi na watano waliochelewa, wa umri tofauti na wa mbali na karibu), wauguzi 2, mhudumu wa jamii 1 na mkunga wa jadi 1. Ongeza vikundi 3 vya watu 6 hadi 8: akina mama wa miaka 18 hadi 24, akina mama wa miaka 25 na kuendelea, na akina baba. Usichanganye. Binti wa miaka 19 akikaa na mama mkwe wa jirani atakubali kila kinachosemwa na wakubwa. Waliowahi wana umuhimu sawa na waliochelewa. Ukiwahoji waliochelewa tu, utaorodhesha vikwazo ambavyo huenda hata waliowahi walikutana navyo wakavivuka.

Unaacha kuongeza watu pale mahojiano mawili au matatu ya mwisho hayaleti jambo jipya. Ili ulijue hilo inabidi usikilize rekodi jioni hiyohiyo. Ukisubiri hadi mwisho wa fildi utakuwa umechelewa.

Muda na gharama. Fildi yenyewe ni fupi: mahojiano mawili kwa siku, siku 7 hadi 9, na siku 3 za vikundi. Kisha kazi inaanza. Saa moja ya sauti huchukua saa 4 hadi 6 kuandika neno kwa neno. Mahojiano 14 ya dakika 45 ni saa 10.5 za sauti. Kwa wastani wa saa 5, ni saa zaidi ya 52 za kuandika, au siku 9 za kukaa saa sita kwenye kompyuta. Kikundi kinachukua muda zaidi kwa sababu watu wanakatizana. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zinasaidia kiasi, ila mazungumzo yenye lafudhi, jogoo na mtoto analia huzishinda, na kupeleka sauti ya mhojiwa kwenye huduma ya mtandaoni kunahitaji kuwa kumetajwa kwenye kibali chako.

Fedha zinakwenda kwenye nauli za washiriki wa vikundi, soda na biskuti, na bodaboda. Kiasi cha nauli kiandikwe kwenye andiko na kiwe sawa kwa wote.

Kinachoharibika. Mahali. Ukikaa barazani kwa mwenyekiti, mwenyekiti atasikiliza. Ukikaa zahanati, hakuna atakayesema muuguzi alimfokea. Tafuta darasa la shule baada ya masomo, kivuli mbali na njia, au nyumba ya mmoja wa washiriki. Mhudumu wa jamii anakufaa sana kukutambulisha, lakini mshukuru na umwombe aondoke kabla hujafungua daftari, maana mama hatasema mbele yake kwamba alikuwa anamkwepa.

Swali la kwanza linaamua mazungumzo yote. "Kwa nini ulichelewa kwenda kliniki?" ni shtaka, na jibu lake huwa ni udhuru: umbali, kazi nyingi, sikujua. Badala yake sema: "Naomba unisimulie, tangu ulipohisi una mimba hadi siku ya kwanza ulipokwenda kliniki, ilikuwaje?" Kisha nyamaza. Akisimama, "ikawaje?" inatosha. Akitaja mtu, uliza alisema nini. Akisema "niliona aibu", usiruke kwenda swali linalofuata kwenye mwongozo. Hapo ndipo penye utafiti wako. Mwongozo mzuri una maswali makuu 6 hadi 8. Ukiwa nayo 25, tayari ni dodoso.

Rekodi kwa simu mbili, zote kwenye hali ya ndege, kwa sababu simu ikiingia inaweza kukata rekodi bila wewe kujua. Chini ya bati, mvua ikianza simamisha. Hutasikia chochote baadaye. Siku za Ramadhani ukanda wa pwani, panga vikundi asubuhi, na posho ya vinywaji igeuke kitu cha kubeba nyumbani.

Kama wenyeji wanazungumza zaidi lugha yao kuliko Kiswahili, usimtumie mwanafamilia kama mkalimani. Tafuta mtu wa jinsia ifaayo kutoka kata nyingine, na mfundishe kutafsiri kilichosemwa bila kukifupisha.

Uchambuzi. Soma maandishi mara mbili, weka alama za mada, kusanya alama zinazofanana, kisha rudi uangalie zisizokubaliana na wazo lako. Taguette ni programu ya bure inayotosha kabisa. Omba mwenzako aweke alama kwenye mahojiano mawili peke yake, mlinganishe. Na usiandike "asilimia 60 ya wahojiwa" kwa watu 10. Utafiti huu haukukusudiwa kuhesabu.

Inamfaa anayejua kusikiliza bila kufundisha. Kwa wanafunzi wa uuguzi na udaktari hili ni gumu kuliko linavyoonekana: mama akisema jambo lisilo sahihi, ulimi unawasha kumrekebisha. Subiri. Mazungumzo yakiisha na rekodi imezimwa, una wajibu wa kumpa taarifa sahihi.

## Njia ya tatu: kupitia rejesta za kituo

Swali inalojibu. Mwenendo na mgawanyo kwa waliofika: miezi gani wanachelewa zaidi, wa uzao wa kwanza wakoje wakilinganishwa na wa uzao wa tano.

Sampuli. Tanzania hudhurio la wajawazito huandikwa kwenye kitabu namba 6 cha MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya), na umri wa mimba siku ya kwanza umo. Zahanati inayoandikisha wajawazito wapya 40 kwa mwezi ina mistari 480 kwa mwaka. Chukua yote, kuchagua sampuli hapa kunakuongezea maswali bila kukupunguzia kazi nyingi. Chukua miezi 12 kamili ili majira yote yawemo.

Muda na gharama. Mstari mmoja ni dakika 2 hadi 3 kuingiza; mistari 480 ni saa 16 hadi 24, yaani siku 3 hadi 5. Hakuna posho za wahojiwa. Lakini rejesta inatumika kila siku: muulize mganga mfawidhi saa ambazo kliniki imetulia, kwa kawaida alasiri, na usikitoe kitabu nje ya chumba. Usipige picha kurasa zenye majina. Kwenye jedwali lako weka namba yako mwenyewe ya mstari. Majina, namba za simu na matokeo ya vipimo usiyoyahitaji yabaki kitabuni.

Kinachoharibika. Visanduku vitupu. Kabla hujaandika andiko, omba kuona kurasa tano za miezi tofauti na uhesabu vilivyo wazi kwenye safu unayoihitaji. Kama theluthi moja haijajazwa, badilisha swali au kituo. Huo ni ugunduzi wa nusu saa unaookoa miezi.

Angalia pia namba zinavyorundikana. Umri wa mimba unakadiriwa kutoka tarehe ya hedhi ya mwisho, ambayo wengi hawaikumbuki, kwa hiyo utakuta 16, 20 na 24 zimejaa huku 17 na 19 zikiwa chache. Ukiwa na rundo kubwa kwenye 12, mpaka wako wa "kabla ya wiki 12" unakuwa dhaifu. Onyesha matokeo kwa makundi mapana pia, na useme hivyo kwenye ripoti. Matoleo ya kitabu hubadilika na safu huhama, kwa hiyo hakiki vichwa vya safu kila unapofungua kitabu kipya. Kituo kinachotumia mfumo wa kielektroniki kama GoTHOMIS kinaweza kuwa na kipindi cha miezi ambapo data imegawanyika kati ya kompyuta na karatasi. Na mama aliyehama kituo anaweza kuandikwa kama mpya mara mbili.

Ingiza upya mistari 48 kati ya hiyo 480 siku nyingine na ulinganishe. Makosa yakiwa mengi kwenye safu moja, rudia safu hiyo yote.

Upungufu mkubwa kuliko wote: asiyefika kabisa hayumo. Rejesta inakuambia kuhusu waliofika, si kuhusu jamii. Kichwa cha ripoti kikisema "wajawazito wa kata fulani" wakati data ni ya waliohudhuria zahanati moja, umedai usichokipima.

Uchambuzi. Ni mwepesi kuliko wa dodoso kwa kuwa vigezo ni vichache. Hapo pia ndipo ukomo wake ulipo: huwezi kuuliza kitabu swali ambalo muuguzi hakulijaza.

Inamfaa mwenye muda mfupi, asiyeweza kusafiri sana, na mwenye uhusiano mzuri na kituo. Inamfaa pia anayetaka kazi yake itumike haraka, maana mganga mfawidhi akiona grafu ya kituo chake ana jambo la kufanya mwezi ujao.

## Je, kuchanganya? Na "kabla na baada"?

Kuchanganya mbili kunawezekana ukiwa na mpangilio: wiki ya kwanza rejesta, uone kundi linalochelewa zaidi, kisha mahojiano 8 ya kundi hilo. Njia zote tatu kwa mtu mmoja hazifai; utaishia na vipande vitatu visivyokamilika.

Wengine hupenda kutoa elimu kisha kupima mabadiliko. Bila kundi la kulinganisha, na ukipima wiki mbili baadaye kwa maswali yaleyale, utakuwa umepima kumbukumbu ya maswali yako. Elimu toa, ni jambo jema kwa jamii, ila usiigeuze kuwa utafiti wako kama muda hautoshi.

## Kwa hali yako

Una wiki 4 tu za kukusanya data na huna msaidizi: rejesta, au mahojiano 10 bila vikundi. Kati ya hizo mbili, amua kwa kuangalia kama kurasa ulizoziona zimejazwa.

Una msaidizi, kata moja inayofikika kwa miguu au bodaboda, na halmashauri inahitaji takwimu: dodoso la watu 151, si 385.

Mada inagusa aibu, hofu au uhusiano wa ndoa: mahojiano ya mtu mmoja mmoja. Vikundi vitumie kwa yale ambayo watu husema hadharani, kama namna wanavyoiona zahanati.

Takwimu za eneo lako zipo tayari kwenye ripoti za halmashauri na hakuna anayejua sababu: usihesabu upya, nenda kasikilize.

Wewe ni mwenyeji wa kijiji hicho: dodoso na rejesta zinakupa umbali unaohitajika. Mahojiano ya kina na shangazi zako na wazazi wa wenzako yana ugumu wa pekee, kwa sababu watakuambia kile ambacho mama yako anaweza kukisikia. Hamia kijiji cha pili.

Wewe ni mgeni kabisa: anza na siku mbili za kusalimia tu, kwa mtendaji, kwa mwenyekiti, kituoni, bila fomu mkononi.

Na kama wiki ya pili ya fildi imefika na barua ya mkoa haijatoka, usimhoji mtu hata mmoja "kwa majaribio". Kamati za maadili haziidhinishi data iliyokwisha kukusanywa, na utalazimika kuitupa. Tumia siku hizo kujenga fomu kwenye KoboToolbox, kulijaribu dodoso na wanafunzi wenzako ili kupima muda, na kuchora majedwali matupu ya sura ya matokeo: vichwa vya safu vyote, visanduku bila namba. Swali lolote la dodoso ambalo halina kisanduku kwenye majedwali hayo, lifute.